Likizo ya kupiga mbizi kisiwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja karibu kwa mpangilio uleule. Kwanza mtu huuliza ni kisiwa kipi kina maji mazuri, kisha huuliza bei, na mwishoni kabisa, tiketi ikiwa imeshalipwa, ndipo huuliza zipite saa ngapi kabla ya kupanda ndege. Hapa tiketi, upepo na mwili vimepewa nafasi kubwa kuliko picha za samaki, kwa kuwa ndivyo vinavyokula siku za likizo. Mbizi inayozungumzwa ni ile ya kushuka na mtungi wa hewa.

## Kabla ya kuchagua kisiwa

1. Ni lazima niwe na cheti ndipo nipige mbizi?

Kwa mara ya kwanza, hapana. Vituo vingi vina mbizi ya kujaribu: unafundishwa mambo machache kwenye maji ya kina kifupi, kisha mkufunzi anakushusha baharini akiwa kando yako muda wote, na hamvuki mita 12.

Ukitaka kushuka bila kushikwa mkono, unahitaji cheti cha kwanza, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Open Water. Hicho kinakufikisha mita 18. Kinachofuata kinakupa mita 30, na mpaka wa mbizi za kujiburudisha ni mita 40. Vyeti vya mashirika ya mbizi ya PADI, SSI na CMAS hutambuliwa karibu kila mahali, kwa hiyo usikeshe ukilinganisha nembo. Mkufunzi utakayempata ndiye wa kumchunguza.

2. Sijui kuogelea vizuri. Nijaribu?

Kwa cheti cha PADI, kwa mfano, utatakiwa kuogelea mita 200 bila kupimwa muda, na kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Hakuna anayekutaka uwe na mbio. Ukishindwa hapo, anza na masomo ya kuogelea miezi michache kabla ya safari. Mtu anayeogopa maji akiwa juu hatapata utulivu chini, hata akivishwa vifaa vya thamani gani.

3. Nisome kozi nyumbani au nikifika?

Kozi nzima huchukua siku tatu au nne. Nadharia sasa husomwa kwa intaneti, na ningeimaliza kabla ya kufunga begi, maana kukaa chumbani unajibu mazoezi huku wenzako wako ufukweni ni mateso ya kujitakia. Ukiwa karibu na bwawa lenye mkufunzi, fanya na mazoezi ya bwawani huko huko, uchukue barua ya uhamisho, ubakize mbizi nne za baharini za kumalizia kisiwani.

4. Kisiwa kipi kinamfaa anayeanza?

Watu huchagua kwa umaarufu. Mimi ningechagua kwa mkondo wa maji na kina, halafu ndiyo niangalie mengine.

Bonaire, katika Karibi, inasifika kwa sababu hiyo: mwamba wa matumbawe unaanzia hatua chache kutoka ufukweni, unaingia majini kwa miguu yako, na kisiwa kiko kusini ya njia ya kawaida ya vimbunga. Komodo, Indonesia, na Galápagos, Ekwado, ni kinyume chake kabisa. Huko maji yanaweza kukuchukua, na mwenye mbizi sita hatafurahi. Atakuwa anapigania kubaki na kundi.

Mara nyingi tofauti iko ndani ya mahali pamoja. Maldivi kuna miamba tulivu mbele ya hoteli, na kuna milango, yaani njia za maji, kati ya atoli (visiwa vya matumbawe vilivyopangika kama pete) ambamo maji hukimbia kama mto. Mafia, ghuba ya Chole ni ya kina kifupi na imekingwa, lakini mlango wa Kinasi unafuata saa za maji kupwa na kujaa. Pemba ina kuta za mwamba zinazoshuka hadi kusikoonekana chini, na hapo asiyejua kujisawazisha huzama bila kujitambua. Kwa hiyo, badala ya kuuliza kituo kama kisiwa chao kinafaa wanaoanza (watasema ndiyo), uliza hivi: “Mtu mwenye mbizi kumi mnampeleka wapi, na wapi hamumpeleki?”

5. Niende mwezi gani?

Uliza upepo kwanza, samaki baadaye. Magharibi mwa Bahari ya Hindi kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na kusi takriban Mei hadi Septemba. Bahari hulala zaidi katika vipindi vya tanga mbili, pepo zinapobadilishana, ingawa kile cha Aprili huja na mvua za masika na mito hutapika tope. Katika Karibi, msimu wa vimbunga wa Atlantiki unahesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Ukienda ndani ya miezi hiyo hutakosa bei nzuri, lakini nunua tiketi inayobadilishika.

Halafu wanyama. Papa potwe huonekana Mafia takriban Oktoba hadi Machi. Manta, samaki wakubwa wa jamii ya taa, hukusanyika ghuba ya Hanifaru, Maldivi, wakati wa pepo za kusini-magharibi, kati ya Mei na Novemba, lakini angalia: kushuka na mtungi hapo ni marufuku, unaogelea juu kwa snokeli (mrija wa kupumulia) tu. Wengi wamebeba vifaa vyao hadi huko bila kulijua hili.

Jambo lingine ambalo matangazo hayasemi: papa potwe na manta hufuata planktoni, vijiumbe vinavyoelea majini, na maji yenye planktoni ni maji yenye ukungu. Anayetaka wanyama wakubwa na maji ya kioo kwa pamoja mara nyingi anataka vitu viwili vinavyokimbiana.

6. Mwezi angani unahusikaje?

Mno, mahali penye kupwa na kujaa kukubwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka sana, mikondo kwenye milango huwa mikali, na mchanga hutibuka. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hutulia. Anayeanza na atafute maji mafu. Mzoefu anayetaka kuona papa na makundi ya samaki mlangoni huenda akataka maji yanayotembea. Katika sehemu kubwa ya Karibi kupwa na kujaa ni kudogo, kwa hiyo huko usijisumbue na kalenda ya mwezi.

## Siku na tiketi

7. Siku ngapi zinatosha?

Hesabu kinyumenyume, kuanzia saa ya ndege ya kurudi. Siku ya mwisho haina mbizi (swali la 8). Siku ya kufika pia iondoe: umechoka, maji mwilini yamepungua, na begi pengine limebaki njiani. Usiku saba basi ni kama siku tano za mbizi, na kwa mbizi mbili kila asubuhi unapata kumi. Weka siku moja katikati isiyo na mpango, kwa ajili ya upepo au sikio. Upepo usipokuja wala sikio lisipouma, utaijaza.

Safari yangu ya kwanza nilinunua tiketi ya alfajiri kwa sababu ilikuwa rahisi. Nikapoteza mbizi mbili nilizokwisha kuzilipia, nikakaa barazani nikiitazama boti ikienda na wenzangu.

8. Kwa nini nisipande ndege baada ya kupiga mbizi?

Ukiwa chini, shinikizo hulazimisha nitrojeni nyingi kuliko kawaida kuingia katika damu na nyama za mwili. Ukipanda polepole, hutoka kidogo kidogo kwa pumzi, na kazi hiyo huendelea kwa saa nyingi baada ya kutoka majini. Ndani ya ndege shinikizo hushushwa hadi kufanana na la mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Nitrojeni iliyobaki inaweza kugeuka mapovu mwilini (swali la 13).

Kwa mbizi moja tu isiyohitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda, ngoja angalau saa 12. Kwa mbizi nyingi au za siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18. Wengi wetu tunaweka saa 24 na kuacha kupiga hesabu. Kanuni inahusu pia vindege vidogo vya kuruka kisiwa hadi kisiwa, na watu huisahau hapo zaidi. Kuruka kwanza kisha kupiga mbizi hakuna tatizo hili.

9. Na mlima je?

Mwili haujui kama umepandishwa na ndege au na gari. Kilele cha Haleakalā, kisiwani Maui, kiko mita 3,055, na barabara inafika karibu juu kabisa. Piton des Neiges wa Réunion una mita 3,070. Panda mlima mwanzoni mwa likizo, au subiri saa zilezile za swali la 8.

10. Nilale hotelini au kwenye boti ya safari?

Boti ya kulala inakufikisha kwenye miamba ya mbali na kukupa mbizi tatu hadi nne kwa siku. Nyingi zinataka uwe na uzoefu, wakati mwingine mbizi 50. Ni maisha ya kula, kushuka, kulala, kushuka. Kama mwenzako hapigi mbizi, usimtese; kaeni hotelini penye mwamba wa karibu, naye aogelee kwa snokeli juu yako.

## Mwili

11. Fomu ya afya ina uzito gani?

Ina uzito wa kukurudisha nyumbani bila kulowa. Inauliza pumu, moyo, kifafa, kisukari, mapafu, upasuaji wa sikio na mengineyo. Kwa maswali mengi, jibu moja la ndiyo linataka saini ya daktari, na kisiwani huenda daktari yuko mbali. Itafute kwenye mtandao na uijaze mwezi mmoja au miwili kabla. Jibu la ndiyo halina maana kwamba umefungiwa. Wenye pumu au kisukari kilichodhibitiwa hupata ruhusa baada ya kupimwa. Usidanganye. Chini ya maji anayebeba uongo wako ni mwenza wako wa mbizi pia.

Mjamzito asipige mbizi kabisa. Hakuna kina kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

12. Masikio yangu huuma. Nifanye nini?

Juu ya maji shinikizo ni bar moja (bar ni kipimo cha shinikizo). Ukifika mita 10 limekuwa maradufu. Badiliko kubwa liko hapo mwanzoni, ndiyo maana sikio huuma mita tatu na si mita ishirini. Ziba pua, sukuma hewa taratibu, na uanze kabla hujasikia maumivu, kila baada ya nusu mita hivi. Likikataa, panda kidogo, jaribu tena. Likikataa tena, mbizi imekwisha, na hakuna aibu.

Ukiwa na mafua usishuke. Dawa za kuzibua pua zinaweza kukwisha nguvu ukiwa chini, na hewa ikanaswa wakati wa kupanda, ambapo huwezi kuchagua kutopanda. Katika wote niliowahi kusafiri nao, siku zilizopotea kwa masikio ni nyingi kuliko zilizopotea kwa sababu nyingine zote.

13. Nitajuaje kama nimepata ugonjwa wa mapovu?

Dalili ni maumivu ya viungo, ganzi, upele au madoa ya ngozi, kizunguzungu, udhaifu, na uchovu usio wa kawaida. Kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa 24. Tatizo ni kwamba watu husingizia begi zito au godoro baya. Ukiwa umepiga mbizi jana na leo mkono una ganzi, usisubiri ipite.

Mgonjwa alazwe, apewe oksijeni ya asilimia 100, na daktari wa mbizi apigiwe simu. Asirudishwe majini eti ajitibu. Tiba kamili ni chumba cha shinikizo, ambacho huenda kiko kisiwa kingine au nchi nyingine, na hapo ndipo swali la 15 linapoingia. Kinga ni mwendo: usipande zaidi ya mita 9 kwa dakika, simama dakika 3 kwenye mita 5, kunywa maji, na usijisukume hadi ukingo wa muda unaooneshwa na kompyuta yako ya mbizi, kifaa kinachohesabu nitrojeni yako.

14. Dawa za malaria na za kichefuchefu zina shida?

Mefloquine haishauriwi kwa wapiga mbizi, kwa sababu inaweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi, dalili ambazo chini ni hatari na juu huchanganywa na ugonjwa wa mapovu. Mwambie daktari unapiga mbizi, akupe nyingine. Dawa za kichefuchefu nyingi huleta usingizi; zijaribu ukiwa nyumbani kwanza. Ukitapika ukiwa chini, tapikia ndani ya kifaa cha kupumulia bila kukitoa mdomoni. Kimetengenezwa kuhimili hilo, na samaki watakuja.

15. Bima yangu ya safari haitoshi?

Isome. Nyingine hazigusi mbizi kabisa, nyingine zinaishia kina fulani, na nyingine zinalipa tu ukiwa na kiongozi. Maneno ya kutafuta ni mawili: chumba cha shinikizo, na kusafirishwa kwa dharura. Divers Alert Network, iliyoanzishwa mwaka 1980 na kujulikana kama DAN, ina simu ya dharura ya madaktari wa mbizi na bima mahususi. Namba iandike kwenye karatasi, simu hulowa.

## Kituo na vifaa

16. Kituo kizuri nitakijuaje?

Kituo kizuri kinakuhoji. Kinataka cheti chako, kinauliza mbizi yako ya mwisho ilikuwa lini na ngapi kwa jumla. Kinachopokea malipo bila kuuliza lolote, kiogope.

Nawe uliza: boti ina oksijeni ya dharura na redio? Kila kiongozi ana watu wangapi? Nahodha hubaki botini watu wakiwa chini? Majina huitwa kabla ya boti kuondoka? Chumba cha shinikizo cha karibu kiko wapi? Jibu la hili la mwisho linapaswa kuja bila mtu kukuna kichwa. Ukifika, nusa hewa ya mtungi. Hewa safi haina harufu. Ikinuka mafuta au moshi wa mashine, rudisha.

17. Ninunue vifaa gani?

Miwani ya mbizi, kwa sababu ya umbo la uso wako. Kompyuta ya mbizi, kwa sababu inahesabu nitrojeni yako na si ya mtu mwingine. Vingine kodi mpaka ujue unachopenda. Mitungi na mikanda ya uzito iko kituoni. Maji ya tropiki huwa kati ya nyuzi 26 na 29, lakini maji hunyonya joto la mwili haraka sana kuliko hewa, kwa hiyo suti ya milimita 3 si anasa kwa mbizi ya nne ya siku. Betri za lithiamu za akiba zibebe mkononi ndani ya ndege, si kwenye begi la chini.

18. Naitroksi inafaa?

Ni hewa iliyoongezwa oksijeni, mara nyingi hadi asilimia 32 badala ya 21. Nitrojeni ikipungua, muda wa kukaa kwenye kina cha kati huongezeka. Haikushushi chini zaidi, bali kinyume chake: mchanganyiko wa 32 una mwisho karibu mita 33, kwa kuwa oksijeni nyingi kwenye shinikizo kubwa ni sumu. Kwa mbizi tatu kwa siku, kozi yake fupi inalipa. Kwa mbizi mbili za mita 12, kaa na hewa.

19. Nimekaa miaka miwili bila kupiga mbizi. Nianzie wapi?

Cheti hakiishi muda, ujuzi ndio unaokwisha. Baada ya mwaka mmoja hivi, lipia somo la kujikumbusha, na ulifanye siku ya kwanza ya mbizi, mahali pa kina kifupi.

## Hali za pembeni

20. Papa je?

Wengi hulipa ili wawaone. Jeraha la kawaida zaidi ni la kugusa kitu: tumbawe, samaki wa miiba, konyeza. Hedhi nayo si sababu ya kubaki botini.

21. Naweza kuvaa glavu, kupaka losheni ya jua, kuokota kombe?

Hifadhi kadhaa, ikiwemo ya Bonaire, zimekataza glavu, kwa sababu mwenye glavu hushika. Palau ilipiga marufuku losheni zenye kemikali zinazodhuru matumbawe kuanzia Januari 1, 2020, na Hawaii ikafuata mwaka 2021 kwa oxybenzone na octinoxate. Shati la kuogelea la mikono mirefu linamaliza ubishi wote. Makombe na matumbawe yaache. Baadhi yanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na forodha huyachukua hata kama uliyanunua dukani.

22. Mtoto aanze akiwa na miaka mingapi?

Mashirika mengi yanaanzia miaka 10, kwa kina kidogo na akiwa na mtu mzima. Umri si kibali. Mtoto anayefanya kumfurahisha baba atakuambia sikio linauma akiwa tayari mita tano.

23. Miwani ya macho, ndevu, jino bovu?

Lenzi laini za machoni hukubalika, au nunua miwani ya mbizi yenye nguvu ya macho yako. Masharubu huingiza maji; nyoa ukanda mwembamba chini ya pua au uzoee kuyatoa. Jino lenye tundu chini ya kiziba huweza kunasa hewa na kuuma vibaya, kwa hiyo pita kwa daktari wa meno kabla ya safari.

24. Nasafiri peke yangu. Nitapangiwa nani?

Utapangiwa mgeni mwenzako. Mwambie kiongozi ukweli kuhusu idadi ya mbizi zako na jinsi unavyomaliza hewa haraka, akupange na anayelingana nawe. Kabla ya kuingia majini kagueni vifaa vya kila mmoja, kubalianeni ishara, na kubalianeni kiasi cha hewa cha kuanza kurudi, ili mfike botini kila mmoja akiwa na bar 50 za akiba. Mwenza asiyetaka kukaguliwa, omba ubadilishiwe hapohapo, boti ikiwa bado imefungwa gatini.